Alama ya Kisu Kwenye Ubao

19 Mei, Jumapili

Mishale thelathini kutoka hatua ishirini. Ishirini na sita imeingia ndani ya duara. Upepo mdogo wa kusini. Bega la kulia linauma.

Hivi ndivyo Baba Verlyn anavyotaka tuandike. Kila mwaka theluji ikishayeyuka, baba mkwe wangu hutugawia madaftari ya bure kutoka duka la mbegu: moja la mume wangu Kurt, moja la wifi yangu Gretchen, moja langu. Tunaandika maandalizi yetu mpaka msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde ufunguliwe katikati ya Septemba. Anasema mwindaji asiyeandika hujidanganya. Mimi nimejidanganya tangu Novemba, kwa hiyo ngoja niandike, huku kurasa za nyuma asizosoma mtu.

22 Mei

Mishale ishirini. Mvua. Kurt amechoma soseji nje huku ameshika mwavuli.

25 Mei, Jumamosi

Tulikuwa bandani sote wanne, tukipaka nta nyuzi za pinde, alipoingia Merle Stanek. Merle ndiye jirani mwenye kinamasi ng'ambo ya kijito. Alikuwa na kapu la uyoga mkono mmoja na gunia mkono wa pili.

"Verlyn, nimekuletea kitu chako," akasema.

Akatoa fuvu la kulungu dume, pembe zenye ncha tisa, moja imetafunwa na panya. Kisha akatoa mshale, ukiwa mzima karibu wote, na manyoya yake yamefifia lakini rangi inaonekana. Mawili mekundu, moja jeupe.

"Nimemkuta kwenye matete, hatua kumi kutoka majini. Mifupa mitupu. Huu ulikuwa umelala nyuma ya mbavu."

Nyuma ya mbavu maana yake tumbo. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Katika wilaya nzima hakuna mwingine anayefunga mishale yake hivyo. Baba humwinda bata mzinga mwenyewe, huyachovya manyoya kwenye rangi, kisha huyafunga kwa uzi kwenye meza ya jikoni akisikiliza besiboli redioni. Alivaa miwani, akaugeuza mshale mara mbili, akasema, "Ni wangu."

"Una uhakika, Baba?" Gretchen akauliza. "Mwaka jana ulipiga mara moja tu, kule bondeni. Huyu angevuka kilima chote?"

"Mnyama wa tumbo huenda popote penye maji. Nilisema nimekosa, mshale umepita juu ya mgongo. Nikautafuta kwenye nyasi, sikuuona. Kumbe aliondoka nao." Akavua miwani. "Au una mtu mwingine wa manyoya haya? Bibi yako?"

Kurt akacheka. Mimi niliendelea kupaka nta uzi ule ule, ambao ulikuwa umeshapakwa.

26 Mei, Jumapili

Niandike sasa, maana jana mkono ulikataa.

Dume lile nilimpiga mimi. Ilikuwa tarehe tatu Novemba asubuhi. Begi langu lilikuwa na mshale mmoja tu wenye ncha ya wembe ya kuwindia, nikachukua miwili ya Baba kwenye ndoo ya bandani bila kumwomba. Mikono yetu inalingana urefu, mishale yake inanifaa. Nikapanda kwenye kiti changu, juu ya mti ulio ukingoni mwa kilima. Dume alipita mbali. Tumekubaliana sote kwamba hakuna kupiga zaidi ya hatua thelathini. Yeye alikuwa hatua arobaini na moja, nilimpima kwa kifaa cha kupimia umbali, nikaisoma namba, nikapiga.

Nilisikia mlio wake. Kila mwindaji wa upinde anaujua mlio wa tumbo. Aliyepiga tumbo hushuka polepole, anakwenda nyumbani, anangoja masaa manane, kumi. Mnyama akiachwa hulala karibu na kufa hapo. Akifuatwa mapema hunyanyuka na kwenda mpaka asikoweza kupatikana. Mimi nilingoja dakika ishirini. Mawingu yalikuwa yanakuja na niliogopa mvua itaosha damu. Nilimwona akinyanyuka kwenye vichaka, mgongo umepinda, akatelemka kuelekea kinamasi. Mvua ikanyesha.

Nilirudi nikasema sijaona kitu.

Na kwa nini? Kwa sababu ya ubao. Nitaeleza wiki ijayo, siku yake ikifika. Leo nimechoka na mimi mwenyewe.

2 Juni, Jumapili

Siku ya ubao.

Juu ya meza ya kazi bandani kuna ubao wa mwaloni ulioandikwa majina yetu. Jumapili ya kwanza ya Juni, baada ya kanisa, kila mtu huandika kwa penseli lengo lake la msimu, wengine wakimsikiliza na kumkejeli. Na aliyempoteza mnyama kwa uzembe wake hukata alama kwa kisu kando ya jina, haandiki lengo, na msimu ujao hapandi mtini. Anakaa chini, anafuata damu ya wenzake, anaburuta mizoga. Gretchen ana alama moja tangu akiwa na miaka kumi na sita. Kurt anazo mbili. Baba anayo moja ya zamani sana. Wote walisema siku hiyo hiyo, wakakata, wakataniwa hadi wakachoka, yakaisha.

Mimi peke yangu sina. Niliolewa hapa nikitokea mjini, sijawahi kushika upinde, na Baba akanifundisha. Amewatangazia watu wote, mpaka yule anayemnyoa nywele: "Mkwe wangu miaka kumi na moja, na ubao wake msafi." Ndiyo hiyo. Niliuona mnyama akiondoka na mshale tumboni, na nilichofikiria ni ubao.

Kurt aliandika: jike kwanza, kwa ajili ya friji.

"Umeandika hivyo miaka sita," Gretchen akamwambia. "Friji yenyewe imeshakata tamaa."

Gretchen aliandika: dume wa miaka minne au sipigi kabisa.

Nami nikaandika: hakuna kupiga zaidi ya hatua ishirini na tano. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Baba akasoma kwa sauti na kutikisa kichwa kwa furaha.

"Sikilizeni huyo," akasema. "Ninyi mnaandika mnachotaka kupata. Yeye anaandika atakachojinyima."

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Kisha akachukua kisu chake, akakata alama ya pili kando ya jina lake. Alikata kwa kina. Alisema, "Mnyama amekufa siku tatu kwenye matete kwa sababu mzee hakuona mshale wake ulikoingia. Mwaka huu niko chini."

Nilikuwa nimesimama kwa urefu wa mkono kutoka kwake.

9 Juni

Mishale arobaini. Sikuhesabu iliyoingia.

20 Juni

Joto. Mbu. Tumepanda klova, majani ya malisho, kwenye kipande cha juu cha shamba, kulungu wanaipenda. Baba alikuja na trekta lakini hakuuliza nani atakaa wapi Septemba. Kawaida kufikia sasa ameshachora ramani tatu.

4 Julai, Alhamisi

Nilitaka kumwambia Kurt leo. Tulikuwa tumekaa nyuma ya gari tukingoja fataki, nikaanza, "Unalijua lile dume la Merle?"

Akanikatiza. "Usiligusie mbele ya Baba. Jana nimemkuta ghalani amesimama, amefunga jicho moja kwa kiganja, anatazama kalenda. Nikamwuliza unafanya nini, akasema hakuna." Akanywa bia yake. "Anazeeka, Lorna. Labda afadhali imetokea hivi kuliko kuanguka mtini."

Nikasema ndiyo, labda. Nilisema hivyo. Nimeliandika ili lisinitoke.

13 Julai

Tumepandisha viti mitini na kukagua kamba na mikanda ya usalama. Baba alikuwa chini akitushikia ngazi. Tulipomaliza mwaloni mweupe, ambao ndio kiti chake tangu kabla Kurt hajazaliwa, aliniita pembeni.

"Mwaka huu kaa wewe hapa," akasema.

"Baba, hapa ni pako."

"Pangu pa nini, kama sioni ninapopiga? Gretchen ana haraka. Kurt anasinzia. Wewe unaweza kungoja."

Wewe unaweza kungoja. Nilimshukuru. Niliingia kwenye gari nikakaa mikono kwenye usukani mpaka Kurt akagonga kioo.

14 Julai

Sikupiga mshale.

28 Julai, Jumapili

Wifi yangu si mjinga. Siku zote nimemwona mtu wa mdomo tu, mtu wa kukuchoma mbele za watu. Leo tulikuwa wawili tukibadilisha betri za kamera tulizofunga mitini kuwapiga picha kulungu, akaniuliza bila kunitazama:

"Tarehe tatu Novemba wewe ulikaa kile kiti cha ukingoni, sivyo?"

"Nadhani."

"Kile kinatazama kinamasi."

"Kinatazama sehemu nyingi."

"Ndiyo, kinatazama sehemu nyingi." Akafunga kamera. "Na hukuona kitu."

"Sikuona."

"Haya, Mtakatifu Lorna," akasema, lakini safari hii hakucheka.

Kwa hiyo sasa ni uongo mara mbili, na wa pili nimeusema mchana kweupe, mtu akiwa amenifungulia mlango na kusimama pembeni ili nipite. Gretchen si mtu wa mdomo. Gretchen ni mtu aliyenipa nafasi. Mimi ndiye nisiyeijua thamani yake miaka yote hii.

10 Agosti, Jumamosi

Siku ya sahani. Kila mwaka tunatundika sahani za karatasi kwenye marobota ya nyasi kavu, tunapiga, tunakula saladi ya viazi ya Gretchen ambayo ina haradali kupita kiasi. Baba alisema hatapiga. Merle akamchokoza.

"Unaogopa sahani, mzee? Haina hata miguu."

"Nitaipiga tumboni," Baba akasema.

Watu wakacheka na mimi nikacheka.

Mwishowe alichukua upinde. Hatua ishirini na tano, mishale mitano. Yote mitano iliingia katikati, ningeweza kuifunika kwa kikombe.  Kurt akasema, "Sasa, Baba, macho yana shida gani?"

Baba aliitazama sahani kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. "Sahani haipumui," akasema, akaenda kukaa.

Mimi nilipiga mitano, miwili ikaenda pembeni. 

17 Agosti

Mishale kumi. Maharage ya soya yameanza kugeuka njano ukingoni. Madume wanatoka jioni, velveti, ile ngozi laini ya kiangazi, bado ipo kwenye pembe. Kamera ya mwaloni imempiga picha mmoja mzuri sana. Sikuhisi kitu.

25 Agosti, Jumapili

Baada ya kanisa Merle alikuja na gari. Kumbe Baba amemkabidhi upinde wake aupeleke kwenye mnada wa kikosi cha zimamoto, tarehe saba Septemba. Upinde, sanduku, ile ngozi ya kukinga mkono aliyoshonewa na marehemu mama mkwe. Merle mwenyewe alikuwa hana raha.

"Nimemwambia aulaze tu chini ya kitanda," aliniambia mlangoni. "Anasema kitu kisichotumika kikikaa nyumbani kinamsimanga."

Nikaona sanduku likifungwa mkanda kwenye kiti cha mbele, kama abiria. Nikapunga mkono. Nilimpungia mkono Merle, akaondoka nalo.

Nimehesabu. Siku kumi na tatu.

29 Agosti

Nimefika mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza nilijibaraguza nikaomba mayai. Mara ya pili nikayarudisha mawili, eti yamezidi.

3 Septemba, Jumanne

Leo imetimia miezi kumi kamili.

Nilimkuta jikoni saa kumi jioni. Redio ilikuwa inanong'ona. Mezani kulikuwa na mishale sita mipya, na manyoya, na uzi. Nikadhani amebadili mawazo.

"Hii ni yako," akasema. "Kaa. Nataka upande mwaloni na mishale inayoeleweka."

Manyoya mawili mekundu, moja jeupe.

Sikukaa. Nilisema, "Baba, dume la kinamasi ni langu. Nilichukua mishale yako kwenye ndoo. Nilimpiga mimi."

Hakuacha kuzungusha uzi. Alizungusha mpaka mwisho, akakaza fundo, akakata kwa meno.

"Hatua ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Ulingoja muda gani?"

"Dakika ishirini."

"Kwa nini?"

"Mvua ilikuwa inakuja."

"Mvua," akasema. Akasubiri.

"Na sikutaka mtu ajue. Ubao wangu ulikuwa msafi."

Akazima redio. Akaongea polepole, bila hasira, na ningelipa chochote ili awe na hasira.

"Miezi mitatu nafunga jicho moja, kisha jingine, natazama kalenda nijue lipi limeharibika. Nimekwenda mpaka mjini kwa daktari, sikuwaambia ninyi. Akasema macho mazima. Nikamwona mwongo. Daktari wa watu, nikamwona mwongo, kwa sababu nilikuwa na mshale."

Nikasema samahani. Lilitoka dogo sana.

"Hilo liweke kwanza," akasema. "Kesho waambie wale wengine. Mimi sitakusemea."

Alikusanya ile mishale sita akairudisha kwenye boksi.

4 Septemba, Jumatano

Niliwaambia bandani, nimesimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Kurt alinitazama mpaka nikatazama sakafu. Alisema tu, "Siku ile ya fataki ulinyamaza." Kisha akatoka. Alirudi baada ya muda, akasimama karibu na mlango, si karibu nami.

 Gretchen alinisukumia kisu mezani.

Nilifuta lengo langu kwa kidole kilicholowa mate, penseli ikaacha ukungu. Nikakata alama. Mti ule ni mgumu kuliko unavyoonekana. Kisha nikaona jina la Baba na alama zake mbili, na moja si yake. Penseli inafutika. Kisu hakifutiki. Nikamwambia nitaleta msasa, nitausugua ubao upande ule mpaka iondoke.

"Iache," akasema. "Uwe unaiona."

Gretchen ndiye aliyeendesha gari kwenda kwa Merle kurudisha upinde. Aliporudi aliliweka sanduku mezani akamwambia Baba, "Merle anasema ameufanyia mazoezi na haukumpenda." Baba akacheka kidogo. Ni kicheko cha kwanza tangu Mei, na sikuwa na haki ya kukifurahia, lakini nilikifurahia.

8 Septemba

Kurt anaongea nami habari za nyumba tu: gesi, mbwa, nani amechukua ufunguo. Ninanoa visu vya kuchunia. Ninakunja kamba za kuburutia. Ndiyo kazi yangu mwaka huu.

12 Septemba

Baba alipita akaniuliza kama nimeandika upepo wa wiki hii. Nimeandika. Akasoma hesabu za kurasa za mbele tu, akarudisha daftari, hakufungua nyuma.

14 Septemba, Jumamosi

Ufunguzi.

Waliondoka kabla ya jua, Baba akaenda mwaloni. Mimi nilibaki na kahawa na vitunguu vya mchuzi. Saa moja na nusu asubuhi mlango wa jikoni ukafunguliwa, Baba akasimama juu ya zulia, kofia mkononi.

"Jike. Hatua kumi na nane. Amegeuka nikiwa nimeshaachia," akasema. "Nimempiga tumbo."

Hata buti alikuwa hajavua. Kurt na Gretchen walipoingia saa tatu akawaambia maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Gretchen akasema, "Nyuma hivyo? Kumbe sahani ndiyo iliyokuwa na haki ya kukuogopa." Baba akasema ndiyo, na akaomba yai.

Saa nne mawingu yakaja kutoka magharibi. Yale yale. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Redio ikasema mvua kufikia mchana. Damu yote ingeoshwa. Nilisikia miguu yangu ikitaka buti.

"Kaa," Baba akasema.

Nikakaa. Tukacheza karata. Saa sita ikanyesha, kubwa, ikapiga bati la banda mpaka hatukusikiana. Baba alinitazama juu ya karata zake, akatupa turufu. Sijawahi kukaa mahali kwa muda mrefu hivyo. Kila dakika ishirini nilijua kwamba ni dakika ishirini.

Saa kumi tukatoka. Damu hakuna, hata tone. Kurt akaanza kupanga tutembee kwa mistari kuanzia mwaloni. Mimi ndiye mfuataji mwaka huu, kwa hiyo ilinipasa niseme, nikasema: "Tuanzie majini. Pale wanaposhukia kwenye matete. Mwingine alikwenda huko."

Hakuna aliyeuliza mwingine yupi.

Alikuwa amelala upande wetu wa kijito, kichwa juu ya miguu ya mbele, hakuwa amekwenda mbali. Hakuna aliyemnyanyua, ndiyo maana. Baba alipiga goti kwenye tope, akamwekea kiganja ubavuni, akakaa hivyo. Nyama ya tumboni imeharibika. Mapaja na mgongo ni mazima. Nilimburuta mimi mpaka juu, na katikati ya kilima mkono mwingine ukashika kamba kando ya wangu. Alikuwa Kurt. Akavuta tu.

Baba alisema sentensi moja akiwa bado na matope mlangoni. Mimi ilinichukua miezi kumi, na mzee kupoteza imani na macho yake.

Mishale: hakuna. Upepo: magharibi, kisha mvua. Muda wa kungoja: masaa tisa.